Kuitafuta jela ndani ya Fort Jesus

Kilwa Kisiwani kuna boma kubwa la mawe ufukweni, na jina lake ni Gereza. Mgeni akiuliza wafungwa walilala wapi, huambiwa kuwa hilo ni boma la mizinga, si jela. Wataalamu wa lugha hulirudisha neno hilo kwa igreja ya Kireno, yaani kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya boma, boma likabeba jina la kanisa, na mwishowe jela ikabeba jina la boma. Unguja nako kuna Changuu, ambako watalii hupelekwa kwa jina la Kisiwa cha Gereza. Jela ilijengwa pale kweli katika miaka ya 1890, lakini jengo likaishia kutumika kwa karantini. Mombasa mambo yako kinyume. Wengi wanaoingia Fort Jesus huenda kuwatafuta Wareno, na ngome hiyo ilikuwa jela kwa miaka 63, tangu 1895 hadi 1958.

Hesabu hiyo ni vyema uingie nayo kichwani. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na wakatolewa 1698, kwa hiyo waliishika kama karne moja. Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, waliishika tangu 1837 hadi Waingereza walipotangaza himaya yao 1895, miaka 58. Jela imewapita Mabusaidi. Hata hivyo matembezi ya kawaida huipa jela sentensi moja, tena ya kupita njia: "baadaye Waingereza wakaifanya gereza," halafu kundi linasogezwa kwenye mifupa ya nyangumi. Si kosa la mtembezaji peke yake. Jela haina pa kuoneshwa kwa kidole.

Hapo ndipo wengi huvunjika moyo, hasa waliokwisha kutembelea jela nyingine zilizogeuzwa makumbusho. Kapenguria unaingia kwenye vyumba vilevile walivyofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano. Robben Island unaoneshwa seli ya Mandela, na mkeka wake umetandikwa sakafuni. Fort Jesus ilifuata njia nyingine. Jela ilipofungwa 1958, boma likatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, wakfu wa Gulbenkian ukatoa fedha za ukarabati, na mwanaakiolojia James Kirkman akasimamia uchimbuzi. Kilichotakiwa kilikuwa boma la Wareno na la Waarabu lililozikwa chini ya miaka ya jela, kwa hiyo sehemu kubwa ya majengo ya wafungwa iliondolewa. Makumbusho yakafunguliwa 1960. Kwa maoni yetu palipotea kitu. Angalau safu moja ya seli ingeachwa isimame, mtoto wa shule leo angeelewa kwa dakika mbili jambo linalotuchukua nusu saa kulieleza. Lakini kazi ile ilifanywa kwa macho ya wakati ule, na bila hiyo misingi ya kambi ya askari wa Kireno tusingeiona.

Basi jela ya Fort Jesus hutafutwa kwa kuisoma ngome yenyewe, na kusoma huko huanzia nje, si ndani.

Kufika ni rahisi. Anayetoka upande wa mjini na ashuke Posta, afuate Barabara ya Nkrumah hadi mwisho wake; ni mwendo wa kama kilomita moja, na tuktuk zipo kwa asiyetaka kutembea. Makumbusho hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Malipo hupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya. Hapo ndipo foleni hukwama, kwa sababu simu imeisha chaji, au mtu amesahau nywila yake, au mtandao unasuasua kundi la watu 40 likisubiri juani. Lipa ukiwa nyumbani au hotelini, na uhifadhi risiti kwa namna ya kuweza kuifungua bila mtandao. Mwananchi abebe kitambulisho, kwani kiingilio chake ni tofauti na cha mgeni, na asiye na cha kuonesha huenda akatozwa cha juu.

Saa ya kuingia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ua wa ndani ni wazi, kivuli ni kichache, na mawe hukusanya joto kuanzia asubuhi. Ikifika saa sita mchana, hasa miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, joto hupanda kutoka sakafuni na kushuka kutoka juu kwa pamoja, na watu huacha kusikiliza. Saa mbili na nusu asubuhi ni saa nzuri. Ukichelewa, heri ungoje saa tisa alasiri. Kwa matembezi yenyewe tenga muda wa saa mbili na nusu kamili. Aliye na saa moja tu aliache jumba la maonyesho, ashike kuta na ua. Beba lita moja ya maji kwa kila mtu. Viatu viwe vya kushika. Champali hazifai, maana jiwe la tumbawe limelainishwa na nyayo za karne nne, na wakati wa masika, Aprili hadi Juni, huota ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Mwenye kiti cha magurudumu atapata tabu, kwa sababu sakafu ni ya mabonde na ngazi ni nyingi. Lango na ua anaweza kuvifikia akiwa na msaidizi mwenye nguvu, lakini juu ya kuta na kwenye njia za chini asiahidiwe.

Mlangoni utapokewa na watembezaji. Wapo wazuri sana. Muulize kitambulisho chake cha kazi, mkubaliane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, na umwambie wazi kuwa unataka habari za jela. Usipomwambia, atakupa matembezi yaleyale ya watalii wa meli.

Kabla ya kuingia, zunguka nje. Simama ukingoni mwa handaki kavu upande wa nchi kavu. Halikuchimbwa katika udongo, lilikatwa katika mwamba wa tumbawe, na mawe yanayofanana na yaliyotoka humo ndiyo yaliyojengewa ukuta. Angalia pembe za ngome. Kuna buruji nne: São Filipe na São Alberto zinaelekea nchi kavu, São Mateus na São Matias ziko upande wa bahari. Mchoraji wa ramani, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitaliano aliyemtumikia mfalme Filipe, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja, na alifuata fikra ya zama zake kwamba umbo kamili ni umbo la mwanadamu. Ukiitazama ramani kutoka juu utaona kama mtu aliyelala chali, mikono na miguu kaitanua.

Lakini buruji hizo hazikuwekwa kwa ajili ya uzuri. Kila moja imejitokeza nje kiasi ambacho anayesimama juu yake huona uso mzima wa ukuta wa jirani yake, hadi chini. Adui anayejibanza ukutani hana pa kujificha. Anayemwona yuko pembeni, si juu yake. Sasa geuza mwelekeo. Sifa hizohizo zilizomfaa mpiga bunduki zinamfaa askari jela: lango kuu moja, kuta nene zaidi ya mita mbili, shimo la mwamba chini yake, na pembe ambazo walinzi wachache huweza kuona mbali. Serikali mpya iliyohitaji jela 1895 haikuwa na haja ya kutafuta kiwanja wala kuchimba msingi. Ilipokea jengo lililokwisha kuwa jela kwa kila kitu isipokuwa jina. Tunapokuwa na wanafunzi huwaomba wasimame hapa na kutafuta njia ya kutoroka kama wangekuwa ndani. Baada ya dakika tano hivi huwa wamekwisha kuielewa ngome.

Langoni inua macho. Juu kuna maandishi ya Kireno ya 1635, yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuijenga upya ngome na kuwaadhibu watu wa pwani. Chanzo chake ni Yusuf bin Hassan, mwana wa mtawala wa Mombasa aliyeuawa kwa njama ya Wareno. Alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala, na mwezi Agosti 1631 akaingia ngomeni na kumwua kapteni. Mwaka uliofuata akaondoka kwa merikebu, na Wareno wakarudi. Wengi hupita chini ya maandishi hayo wakipiga picha za mlango wa misumari, bila kujua kuwa yaliwekwa na walioshindwa mara moja wakaogopa ya pili.

Ndani, vuta pumzi kwanza. Mazoea ya wageni ni kukimbilia jumba la maonyesho kwa sababu lina paa. Usifanye hivyo. Ukianza na makabati ya vioo, ukitoka jua limepanda, miguu imechoka, na kuta hutazikagua tena. Anza na ua wakati bado pana ubaridi, na jumba uliache la mwisho.

Katika ua jiulize swali la maji, kwani ndilo linalotenganisha ngome na jela kuliko kuta. Kisima cha Wareno ni kirefu sana, zaidi ya mita 20, na maji yake ni ya chumvi. Yalifaa kuogea na kufulia, si kunywa. Ndiyo sababu kuna birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua. Mwaka 1696 hadi 1698 Waomani waliizingira ngome hii kwa miezi 33, na waliokuwa ndani waliangamizwa na maradhi na njaa kuliko risasi, hata siku ya mwisho walikuwa wamebaki wachache mno wa kushika ukuta. Simama kando ya birika, utazame eneo la paa linaloweza kulijaza, ukumbuke kwamba mvua kubwa za Mombasa zina misimu miwili tu kwa mwaka. Kufunga watu ni kazi ya kuwanywesha na kuwasafisha kila siku. Anayeandika au kufundisha habari za jela na aanzie hapo, kwenye ndoo, kabla ya pingu.

Misingi ya kambi ya askari iko wazi katika ua, na jumba la makumbusho limekaa palipokuwa na makazi ya wanajeshi. Jela nayo ilitumia uwanja huohuo. Hilo ni jambo la kutarajiwa, kwani ndani ya kuta hizi pa kujengea ni hapo tu. Ulizia picha za zamani zinazoonesha ngome ilipokuwa jela. Ukiipata moja, hata kwenye simu, simama mahali alipokuwa mpiga picha, uilinganishe. Nyumba zilizobanana ndani ya picha na ua mtupu ulio mbele yako vitakuambia mengi kuliko kibao.

Kuna kitu kingine kinachomfaa mtafuta jela, nacho ni michoro. Askari na mabaharia wa Kireno waliokaa hapa katika karne ya 17 walichora kwenye lipu ya ukuta kwa rangi nyeusi na nyekundu: merikebu, ngome, samaki, watu. Si kazi ya mafundi. Ni mikono ya watu waliokuwa na muda mwingi na pa kwenda hapana. Tazama merikebu hasa, jinsi kamba na matanga vilivyochorwa kwa uangalifu kuliko nyuso za watu. Vijana wengi huona michoro hiyo ni ya kitoto, wakapita. Waambie hawa walikuwa askari wenye silaha, ufunguo wa lango uko mikononi mwao, na bado walikuwa wanachora chombo cha kuwarudisha kwao. Usiguse. Jasho la kidole lina chumvi na mafuta, na lipu ya chokaa hunyonya vyote viwili.

Nyumba ya Waomani, juu ya buruji ya São Filipe, ni pahali pa kupumzika. Panda hadi juu, utaona Mji wa Kale, paa kwa paa, na bahari ya mlango wa bandari ya zamani. Ukumbi wa Mazrui nao una viti vya mawe na maandishi. Mazrui waliitawala Mombasa kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 hadi 1837, na makaburi yao yako hatua chache nje ya ngome.

Halafu kuna njia mbili za kuteremka kuelekea baharini, moja ya matao na nyingine ya ngazi, zilizokatwa katika mwamba. Hizi ndizo zinazozaa hadithi nyingi. Zilikuwa za kupitishia watu na shehena ngome ikiwa imezingirwa upande wa nchi kavu. Kila jengo la mawe la pwani lina hadithi ya pango refu linalotokea mbali, na Fort Jesus haikunyimwa zake. Dawa yake ni maswali mawili ambayo humkera mtembezaji mvivu na kumfurahisha aliye hodari: ukuta upi, na mwaka gani? Hadithi yenye majibu ya hayo mawili isikilize. Isiyo nayo ifurahie kama ngano, wala usiwaandikie watoto daftarini. Kwa habari za jela maswali hayo ni ya lazima zaidi, maana mambo ya kutisha huuzika, na waliofungwa humu walikuwa watu wenye jamaa zao Mji wa Kale, Likoni na Kisauni.

Kundi likiwa kubwa, ligawe. Zaidi ya watu 15 kwa mtembezaji mmoja hawasikii kitu ndani ya njia hizo, na wa nyuma huanza kuchezea kuta. Watoto wawekewe mtu mzima mmoja kwa kila kumi, na asimame upande wa ukingo, kwa sababu juu ya kuta kuna sehemu zisizo na kizuizi na chini ni mwamba. Mifupa ya nyangumi haina uhusiano wowote na jela, lakini mtoto hatakusikiliza mpaka aione. Mpeleke kwanza, na habari ya nyangumi iishie hapo.

Anayependa kujua ngome inavyougua atazame viraka. Ukuta wa asili ni tumbawe na chokaa, na vyote viwili hupumua: unyevu huingia, hutoka. Mahali palipozibwa kwa saruji, unyevu wenye chumvi ya bahari hushindwa kutoka kupitia kiraka, hutafuta njia pembeni yake, hukauka ndani ya jiwe, na chembe za chumvi hupanuka na kulipasua. Ndiyo maana mara nyingi utaona kiraka cha saruji kizima kabisa, na mawe yaliyokizunguka yamelika kama mkate uliotafunwa na panya. Adui wa pili ni miti ya jamii ya mtini inayoota nyufani kutokana na kinyesi cha ndege. Fundi asiyejua huuvuta mche, na mzizi hutoka na jiwe lake. Hukatwa, mzizi ukauliwa polepole, kisha ufa ukajazwa chokaa. Wa tatu ni bahari. Maji ya bamvua Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mawimbi yalikuwa yakiula mwamba ulioibeba ngome, hata ikabidi ujengwe ukuta wa kuyakinga. UNESCO iliiingiza ngome katika orodha ya urithi wa dunia 2011, ikihesabu hekta 2.36 pamoja na handaki na viunga vyake. Si jengo peke yake.

Jumba la maonyesho sasa. Vyungu na vigae vya China kutoka miji ya kale ya pwani vinastahili nusu saa, na vitu vilivyopatikana katika merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome 1697 ikiwa imekuja kuwasaidia waliozingirwa, na kuchunguzwa na wapiga mbizi tangu 1977 hadi 1980, ndivyo vya kutazama zaidi. Anayetaka kupiga picha kwa kazi ya biashara au filamu aombe kibali mapema. Ya simu kwa kumbukumbu zako haina taabu.

Ukitoka, usipande tuktuk papo hapo. Nunua dafu nje ya lango, kisha uvuke barabara hadi jengo la mahakama ya zamani, la 1902. Sogea kidogo tena ufike Treasury Square, palipokuwa na ofisi za fedha na utawala wa kikoloni. Tembea kwa hatua za kawaida na uzihesabu: kutoka hazina, hadi mahakama, hadi lango la jela. Ni dakika chache tu, na dafu halijaisha.